Breki ya Bi Mdogo

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba, mwaka 2014, mwanamke mmoja aliyezoeleka kwa jina la Mama Shaba aliingia katika karakana ya treni za zamani, mkononi ana spana, ili amfungue mke mwenzake vipande vipande.

Usishtuke, msomaji. Mke mwenza huyo alikuwa wa chuma. Alikuwa kichwa cha treni cha mvuke, kidogo, cheusi, cha zile reli nyembamba ambazo mtu mzima akitanua miguu anaweza kukanyaga pande zote mbili kwa pamoja. Vilikuja vichwa viwili vya namna hiyo, kutoka kiwanda kimoja na kwa meli moja, vikapewa kazi ya kuteremsha magogo kutoka milimani hadi kwenye mashine za kupasulia mbao. Wafanyakazi walikiita kimoja Bi Mkubwa na cha pili Bi Mdogo. Mume wa Mama Shaba alikuwa dereva wa Bi Mdogo. Siku ya harusi yao, wenzake wa karakana walimzunguka bibi harusi wakamwambia, "Shemeji, karibu sana, ila ujue umeingia nyumba yenye mwenyewe. Mwenzako anakula kuni, anakunywa maji kwa mapipa, na akinuna anatoa moshi." Bibi harusi alicheka hadi kilemba kikamlegea. Hakujua kwamba ingefika siku angebaki mjane pamoja na huyo mwenzake, wakitazamana mwaka baada ya mwaka.

Mume wake alipewa jina la Polepole. Walikuwepo madereva waliopenda kuteremka mlima kwa mbwembwe, honi juu, wakijua wasichana wanatazama. Yeye alishuka kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Wenzake walimtania kwamba konokono wa njiani walikuwa wakimpigia kelele awapishe. Naye alikuwa na jibu lake moja: "Mlima haushindwi mbio. Mlima huombwa njia."

Basi Polepole huyo ndiye aliyekufa kwa mbio.

Katikati ya mteremko palikuwa na tangi la maji, na hapo kila treni ilisimama kunywa. Asubuhi ile Bi Mdogo alikuwa amefungiwa mabehewa yaliyojaa magogo mabichi. Mchochea moto wake, kijana aliyeitwa Jivu, alishuka kwenda kuvuta bomba la maji. Akiwa ameupa mgongo mtambo, alisikia magurudumu yakianza kulia. Aligeuka, akaona treni inaondoka bila yeye. Alikimbia akipiga kelele mpaka pumzi ikamwishia. Kwenye kona ya chini Bi Mdogo alipinduka, magogo yakamfuata, na walipomtoa Polepole hakuwa na uhai.

Wachunguzi wa kampuni walikuja na haraka zao. Walimuuliza Jivu, "Ulimwona dereva wakati treni inaondoka?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anafanya nini?"

Jivu alikuwa kijana mkweli. Alijibu kile ambacho macho yake yaliona: "Alikuwa ameinamisha kichwa."

Wakapanda kwenye kibanda cha dereva. Wakautikisa usukani wa breki, yaani ule mduara mdogo wa chuma ambao dereva huuzungusha ili kuyafunga magurudumu. Usukani ukacheza ovyo, mlegevu kama jino la mtoto. Kichwa kimeinama, breki haijafungwa: wakasema dereva alilala. Na aliyekwisha kupata jibu hahangaiki tena na swali, kwa hiyo wakashuka, wakapanguza viatu vyao, wakaenda.

Mjane hakubisha, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake. Usiku wa kuamkia siku ile, binti yao mchanga alikuwa na homa, analia bila kunyamaza. Mama alikuwa amekesha siku zilizotangulia, macho yamemvimba. Polepole alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake akasema, "Lala wewe. Nipe mimi zamu yangu." Mama akalala. Alipoamka, mumewe alikuwa bado anatembea chumbani na mtoto begani, macho mekundu, anajiandaa kwenda kazini. Kwa hiyo watu waliposema dereva alisinzia, mjane alidhani anajua usingizi huo ulitoka wapi.

Mama mkwe wake naye alidhani anajua. Waliishi nyumba moja, wakala sahani moja, wakauguzana. Bibi yule hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na mwana mmoja tu, na siku moja, uchungu ulipomzidi, alilitoa neno ambalo hakuweza tena kulirudisha: "Mwanangu alilala usingizi wako."

Mama Shaba aliendelea kuosha vyombo.

Laiti mambo yangeishia ndani ya kuta zile. Lakini ulimi hauna mfupa, na mji ule ulikuwa mdogo wenye midomo mikubwa. Mlinzi akisinzia langoni aliambiwa, "Amka, usilale kama Polepole." Mpishi akiunguza chakula, ni usingizi wa Polepole. Watu waliutumia msemo huo bila chuki, wengi wao bila hata kujua kwamba Polepole alikuwa mtu mwenye mke. Binti yake aliusikia darasani, mwalimu akimgongea meza mtoto aliyesinzia. Aliporudi nyumbani alimuuliza bibi yake, na bibi akamweleza yote, pamoja na homa na kilio. Tangu siku hiyo binti yule hakulia tena. Alianguka, akachomwa sindano, akafiwa na rafiki, baadaye akaachwa na mchumba, macho makavu. Majirani walimsifu kwa ujasiri. Mama yake peke yake ndiye aliyejua kwamba mtoto ameamua kutolia kwa sababu kilio chake, kwa alivyoambiwa, kilimuua baba.

Kampuni ilifunga njia, ikang'oa sehemu kubwa ya reli, ikaondoka. Vichwa viwili vilibaki karakanani, Bi Mkubwa akiwa amesimama, Bi Mdogo akiwa amechubuka ubavu mzima tangu ajali. Mjane aliomba kazi ya kufagia pale. Kazi ilipokwisha, aliendelea kwenda, bila kulipwa na mtu. Alikuwa akiisugua shaba ya honi, mabomba na vitasa vya Bi Mdogo kwa majivu na kitambaa mpaka mtu akaweza kujitazama humo. Jina lake la Mama Shaba lilitoka hapo.

Kitu kimoja tu hakukisugua wala hakuruhusu mtu akiguse: usukani wa breki. Chuma kile kilikuwa kikipata moto kwa kuwa karibu na boila, na enzi za uhai wa mumewe alikuwa amemshonea kitambaa cha kuuzungushia, kilichokatwa kwenye mkono wa gauni lake la buluu. Kitambaa kilikuwa kingali pale, kimekauka, rangi imekuwa kama vumbi, lakini mshono ni wake, anaujua. Mtoto akipanda kuchezea kibandani aliitwa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Shuka! Chezea vyote, huo uache!"

Miaka ilipopita, wastaafu kadhaa wa reli walianza kukutana pale kila wiki, wakijaribu kuvifufua vichwa vile. Mkubwa wao alikuwa fundi mmoja mpana wa mabega aliyeitwa Nyundo, aliyehamia mji ule baada ya kustaafu kwenye reli nyingine. Jivu naye alikuja, sasa mzee mwenye mvi na goti bovu. Mama Shaba hakumsemesha. Hawakugombana hata siku moja. Ila maneno yake kwa Jivu yalilazimika kupitia kwa mtu wa tatu.

"Nyundo, mwambie mwenzako asogeze ngazi yake."

"Nimesikia, shemeji," Jivu alijibu.

"Nyundo, mwambie sikusema naye."

Nyundo aliweka chini msasa. "Mama, jivu la kwenye kopo unalishika kutwa nzima. Hili la miguu miwili limekukosea nini?"

"La kwenye kopo linang'arisha," alisema Mama Shaba, naye akaendelea kusugua. Hata Jivu alicheka, ingawa alicheka akitazama pembeni.

Mwezi Machi wa mwaka huo wa 2014, habari mbili zilifika pamoja. Kiwanja cha karakana kilikuwa kimeuzwa, na mwenyewe mpya alitaka pawe wazi mwaka ukiisha. Na makumbusho ya mji wa jirani yalikubali kupokea kichwa kimoja, kwa sharti kwamba kitembee kwa mvuke wake. Kisichotembea kingepelekwa kwa wakata vyuma chakavu. Nyundo alikagua, akapima, akavikagua tena, kisha akamwendea Mama Shaba akiwa amevua kofia.

"Mama, nitakwambia kama ninavyomwambia ndugu yangu. Bi Mkubwa ana boila zima, lakini magurudumu yake yamekwisha na vyuma vya breki viliibwa zamani. Bi Mdogo ana magurudumu mazuri, lakini boila lake limetoboka na mwili umepinda. Tukiwaacha wawili, tutawapoteza wawili. Tukimfungua mdogo, mkubwa atatembea."

"Kwa hiyo mnataka kumchinja mmoja ili mwingine ale."

"Nataka kubakisha mmoja."

"Hapana," alisema.

Na neno lake lilikuwa na nguvu, kwa maana karakana ile ilikuwa na desturi yake tangu enzi za moshi: nati ya kwanza ya kichwa cha treni haifunguliwi na fundi. Hufunguliwa na dereva wake, na kama dereva hayupo, na mtu wa nyumbani kwake. Wazee wale wangeweza kuvunja sheria za serikali kabla hawajaivunja hiyo. Nyundo alirudisha kofia kichwani, akaenda kusaga kutu za Bi Mkubwa, akijua anapaka rangi maiti.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa hatoki tena kitandani. Mama Shaba alimwogesha, akamgeuza, akamsimulia ombi la mafundi.

"Umewakataza?" aliuliza bibi.

"Nimewakataza, mama. Tumebakiwa na nini kingine kilichoguswa na mikono yake?"

"Umefanya vizuri," alisema bibi. "Kibaki."

Mwezi Agosti bibi yule aliaga dunia. Asubuhi yake ya mwisho alikuwa na akili timamu kabisa. Aliushika mkono wa mkwewe, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba ushauri, "Nikimkuta huko, nimuulize kama alilala kweli? Au nimwache?"

"Usimuulize, mama. Mpumzishe."

"Basi sitamuuliza," alisema bibi. Na hakuulizwa wala hakuuliza tena neno lolote.

Katika mazishi yale binti alisimama kando ya mama yake, macho makavu.

Nyumba iliyobaki na mtu mmoja hufundisha mambo. Mama Shaba aliona kwamba hata yeye siku zake zitakwisha, na siku hiyo hakutakuwa na wa kusema "hapana" mbele ya wakata vyuma. Mwanzoni mwa Oktoba alimwambia Nyundo, "Fungueni. Bora magurudumu yake yatembee chini ya tumbo la mwingine kuliko yayeyushwe yawe masufuria." Kisha akaongeza, "Lakini kitambaa nitakitoa mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyofika Jumanne ile niliyoitaja mwanzo.

Wazee walikuwa wamejipanga kama watu wa msibani. Mama Shaba aliweka spana kwenye nati aliyoonyeshwa, akavuta. Ilikuwa imeshikamana na bolti yake kwa kutu. Nyundo alimiminia mafuta, wakangoja. Alivuta tena, ikatoa mlio mwembamba, ikalegea. Hakuna aliyepiga makofi.

"Sasa kitambaa," alisema.

Alipanda kwenye kibanda cha dereva. Kibanda kilikuwa kidogo, na usukani wa breki ulikuwa chini, usawa wa magoti, nyuma ya mlango wa tanuri. Ilibidi ashike ukuta kwa mkono wa kushoto, ainame, atafute mwisho wa uzi kwa vidole. Alikuwa ameshona kwa mshono wa kurudia, na mafundo yalikuwa magumu kama mawe. Akainama zaidi, paji la uso likakaribia kugusa chuma.

Wakati huohuo Jivu alikuwa akiingia kupitia mlango mkubwa, amebeba debe la mafuta ya taa ya kuoshea vyuma. Aliinua macho kuelekea kibandani.

Debe lilimponyoka. Mafuta yalisambaa sakafuni, yakafika kwenye viatu vya watu, na Jivu hakusogea.

"Ndivyo hivyo," alisema. "Ndivyo hivyo alivyokuwa. Pale pale. Kichwa vile vile. Ndivyo nilivyomwona."

Mama Shaba hakuinuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile alimjibu moja kwa moja, bila kupitisha neno kwa mtu.

"Mimi sijalala, Jivu. Nafungua fundo."

Nyundo alikuwa akimtazama Mama Shaba, kisha usukani, kisha Mama Shaba. Halafu alipanda kibandani kwa haraka isiyolingana na umri wake.

"Mama, usiuzungushe. Hata kidogo. Toa mkono wako taratibu."

"Sijauzungusha. Sijawahi."

"Tangu ajali, nani ameuzungusha?"

"Hakuna. Wale wachunguzi waliutikisa tu. Baada ya hapo nilikuwa nalinda mimi."

Nyundo alipiga magoti. Chini ya usukani palikuwa na sanduku la chuma lililofunika skrubu ya breki, na sanduku hilo lilikuwa halijafunguliwa tangu Bi Mdogo alipovutwa kutoka bondeni. Alilifungua nati kwa nati. Ndani, grisi ya zamani ilikuwa imegandia kila kitu, nyeusi na ngumu kama lami, na chini ya grisi hiyo kutu haikufika. Aliikwangua kwa kisu. Kisha akaita, "Jivu, njoo utazame, nisije nikaambiwa naota."

Nitalieleza jambo hili kama Nyundo alivyomweleza Mama Shaba, kwa vidole vyake vichafu. Dereva akizungusha usukani, skrubu huzunguka, na nati kubwa iliyo juu ya skrubu hupanda. Ikipanda inavuta fimbo ya chuma, na fimbo inakandamiza breki kwenye magurudumu. Breki isipofungwa, nati inakaa chini. Ikifungwa sawasawa, inasimama katikati, kwa sababu magurudumu yanaikatalia kwenda zaidi.

"Sasa tazama iko wapi," alisema Nyundo.

Nati ilikuwa juu kabisa. Ilikuwa imefika mwisho wa meno ya skrubu, ikaendelea kulazimishwa hata meno ya mwisho yakalala.

"Mtu aliyelala hazungushi hivi," alisema Nyundo. "Huyu alizungusha mpaka skrubu ikaisha, na ilipoisha akaendelea."

"Lakini breki ilikuwa imelegea," alisema Mama Shaba. "Walisema imelegea."

Jivu alikuwa ameshateleza chini ya mtambo, goti bovu na yote, mgongo ukiwa ndani ya mafuta aliyoyamwaga mwenyewe. Walisikia akikwangua matope yaliyoganda tangu siku ya ajali. Halafu kukwangua kukakoma.

"Fimbo imekatika," alisema kutoka chini. "Nyundo, imekatika kwenye shingo. Hapa pana ufa wa zamani, laini, umesuguana. Hapa kwingine ndipo palipokatika siku ile. Ilikatika tukiwa pale tangini. Breki ilikuwa imefungwa, ikakatika. Alikuwa anazungusha kitu ambacho hakijafungwa popote."

Alitoka chini kwa makalio, kama mtoto, akabaki ameketi sakafuni, uso mweusi kwa matope.

"Shemeji, nilisema nilichokiona."

"Najua."

"Angeweza kuruka. Palikuwa na nafasi, mimi nilikuwa nakimbia pembeni, treni ilikuwa bado inatambaa. Angeruka tu. Nikasema mbona haruki? Nikasema basi amelala."

Mama Shaba alishuka ngazi. Alikuwa amekishika kitambaa kifuani, kimetoka kizima, kina umbo la mduara kana kwamba bado kimeshika chuma. Alisimama mbele ya Jivu, akamshika kiwiko, akamsaidia kuinuka. Kisha akakaa juu ya taruma, gogo la kulazia reli, lililokuwa kando ya ukuta.

"Mwezi wa tatu," alisema. "Ningewaambia ndiyo mwezi wa tatu."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kila mtu pale alikuwa amemzika bibi yule mwezi Agosti.

Nyundo alijaribu. Alisema, "Mama, usingelinda usukani huu miaka yote, watoto wangeuchezea, nati ingeshuka, na leo tusingeona kitu. Ni wewe uliyeutunza ushahidi."

"Niliutunza," alisema Mama Shaba. "Niliutunza vizuri hata aliyeuhitaji akafa bila kuuona." Akakitazama kitambaa. "Na nilimwambia asimuulize. Amekwenda huko, amekutana na mwanawe, na hamuulizi, kwa sababu mimi nilimkataza."

Nyundo hakuwa na nyundo ya kunyoosha hilo. Alivaa kofia, akaivua tena.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja. Mama yake alikuwa amempigia simu, lakini hakumwambia kitu ila, "Njoo karakanani, uvae nguo za kuchafuka." Juu ya meza ya kazi vilikuwa vimelazwa vipande viwili vya fimbo, skrubu na nati yake mahali ilipokutwa, na kitambaa cha buluu. Wazee walijifanya wana shughuli upande wa pili.

Mama Shaba alimweleza tangu mwanzo. Hakuharakisha. Alimshikisha ule ufa kwa kidole, akamwonyesha meno yaliyolala, akamwambia jinsi baba yake alivyoinama.

Binti alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, lakini swali aliloliuliza lilitoka kwa mtoto wa darasa la kwanza.

"Kwa hiyo si kwa sababu nililia?"

"Si kwa sababu ulilia, mwanangu."

"Na bibi alijua?"

"Hakujua."

Binti aliichukua nati ile nzito kwa mikono miwili, akaipakata. Midomo yake ilianza kutetemeka, akaibana kama alivyozoea, ikakataa kubanwa. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila adabu, kilio cha miaka yote kikitoka kwa mkupuo mmoja, kikagonga mabati ya paa na kurudi. Wazee waliacha kujifanya wana shughuli. Mmoja mmoja walitoka nje, wakasimama juani migongo ikiielekea karakana.

"Lia," alisema Mama Shaba, akimpigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza mwenye homa. "Lia, mama. Leo zamu ni yangu."

Kabla mwaka haujaisha, Bi Mkubwa alitoka karakanani kwa mvuke wake mwenyewe, juu ya magurudumu ya mdogo wake. Jivu alichochea moto, na Nyundo alikuwa amefua fimbo mpya ya breki, nene kuliko ya zamani. Bi Mkubwa aliendeshwa akasimamishwa, akaendeshwa akasimamishwa, na kila mara alitii. Usukani wake ulikuwa mtupu. Mama Shaba aliombwa ashone kitambaa kingine, akasema anashukuru, lakini mikono iliyokuwa ikiungua haipo tena.

Mwili wa Bi Mdogo ulichukuliwa na lori la vyuma chakavu. Siku moja kabla, Mama Shaba alikwenda na kopo lake la majivu akasugua shaba yote iliyobaki, hata ile ambayo haingeonekana na mtu. Jivu alimletea kiti. Alikaa, akasema, "Ahsante, Jivu," kisha akaendelea kusugua. Lori lilipogeuka barabarani, jua likapiga kwenye shaba ile, na hapo tu ndipo mke mwenza alipomlilia mwenzake.

Huo ndio mwisho wa chuma. Lakini msemo bado unatembea. Waswahili husema lisemwalo lipo. Hili lilisemwa, na halikuwepo. Lilitoka mdomo kwa mdomo, likavuka mji, likamfika mtoto darasani, na hakuna karakana inayoweza kulifungua nati. Kwa hiyo wewe uliyefika hadi mstari huu, usilifunge jambo hili na kurasa zake. Msomee mtu mmoja asiyejua kusoma, au msimulie mtu mmoja ukiwa njiani. Na ukimsikia yeyote akimwambia mwenzake asilale kama Polepole, msimamishe kwa upole umwambie: yule mtu hakulala. Alikuwa ameinama, anafunga breki.